Taalimu ya Kuongoza Watu wa Mila Nyingi: Mafunzo ya Handeni na Korogwe

Katika habari zote ambazo Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy alizikusanya katika Habari za Wakilindi, sioni inayostahili kusomeshwa vijana wanaoandaliwa kushika madaraka kuliko ile ya Mbegha, mwindaji wa Nguu aliyenyimwa urithi na jamaa zake kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akahamahama katika Uzigua, na hatimaye akapokewa Usambaa na kutawazwa Vugha. Hakuja na jeshi; alikuja na mbwa na mikuki, akawaulia wenyeji nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao, akawagawia nyama, akachanjiana nao udugu, akaamua mashauri yao kwa dasturi zao wenyewe, na akaoa katika koo zao, hata wanawe wakawa wapwa wa wale wale waliotawaliwa. Wanazuoni wangali wanajadiliana ni kiasi gani cha masimulizi hayo ni tarehe na kiasi gani ni hekaya, lakini wazee walioyahifadhi walikusudia jambo moja lililo wazi, nalo ni kwamba mgeni hapati idhini ya kuamuru mpaka kwanza akubali kufundishwa.

Jambo hilo siku hizi limekuwa somo la vyuo vikuu, likitolewa kwa wanafunzi na kwa watu wenye kazi zao, wakiwamo walimu, waganga, maofisa na mameneja, chini ya jina la elimu ya uongozi baina ya tamaduni. Shabaha yake ni njema: kumwezesha mtu kuongoza wale ambao heshima yao, haya yao, na hata namna yao ya kunyamaza si kama zake. Lakini aghalabu somo lenyewe husomeshwa ukumbini kwa siku chache, kwa maelezo ya jumla juu ya mataifa ya mbali, na mwanafunzi hutunukiwa cheti asiwe ameonja hata mara moja uzito wa kuwa mgeni. Wilaya za Handeni na Korogwe zinaweza kufundisha zaidi ya hapo.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyonusurika safarini, ukaenea mabondeni ukitaka mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wakaja Wanyamwezi na Wasukuma, Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, na Wamakonde waliovuka Ruvuma. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, ya kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali. Sisemi hata kidogo kwamba kambi za vibarua mashambani zilikuwa pepo, maana kazi ilikuwa nzito, ujira haba, na kipande, kadi yake ya kazi, kilimfunga mtu mpaka atimize siku zake 30. Lakini humo humo kambini, watu ambao baba zao hawakupata kuonana walilazimika kupata kanuni ya kuishi pamoja, na kanuni waliyoikuta mikononi mwao ilikuwa utani.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa Amani, aliandika juu ya utani katika miaka ya 1940, akaonyesha jinsi ulivyounganisha makabila mengi ya Tanganyika, mengine kwa sababu ya vita vya zamani, na mengine kwa sababu ya misafara ya biashara. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Manamba alipofiwa ugenini, asiye na ndugu wa karibu, mtani ndiye aliyeshughulika na maziko, na ndiye pia aliyemfanyia mfiwa mzaha katikati ya kilio, na hapana aliyehesabu kuwa ni utovu wa adabu. Fauka ya hayo, mtani aliweza kumwambia mkubwa aibu yake mbele ya watu, neno ambalo lau lingetoka kinywani mwa mwingine lingeleta ugomvi. Hivyo mnyapara mwenye watani chini yake alikuwa na watu wenye ruhusa ya kumkosoa, na hiyo ni neema ambayo viongozi wengi wa leo hawanayo.

Handeni nayo ina historia nyingine, yenye uchungu. Huko vijiji vya ujamaa vilianzishwa mapema na kwa bidii kubwa, na Michaela von Freyhold, aliyevichunguza vijiji vya Mkoa wa Tanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979, alionyesha jinsi maofisa walivyozoea kuamuru pasipo kuwasikiliza wakulima. Maofisa wale walikuwa Waafrika, walisema Kiswahili sawasawa na wakulima, wakaitakia nchi kheri. Hata hivyo hawakujua kukaa barazani wakasikiliza. Kuwa taifa moja hakumfanyi mtu ajue desturi ya mwenziwe.

Serikali changa ililitambua jambo hili kwa kiasi chake. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 ili kuwafunza watu wazima wa makabila yote kazi ya uongozi, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na ambalo hata Handeni lina kambi yake ya Mgambo, likawachanganya vijana kwa jembe na gwaride. Lakini kambini kila mtu ni mgeni, na amri ni moja. Somo gumu zaidi ni kuwa mgeni peke yako kati ya wenyeji.

Somo hilo lipo leo Chogo, wilayani Handeni, walikopewa makazi mwaka 2003 wakimbizi kutoka Somalia ambao wahenga wao walichukuliwa kwa majahazi kutoka pwani hii katika karne ya 19, wakatoroka utumwa kwenda bonde la mto Juba, wakiongozwa, kwa masimulizi yao, na mwanamke aitwaye Wanakhucha. Walirudi wakisema Kizigua, lakini vizazi kadhaa vya Somalia vilikuwa vimekwisha kuwapa tabia nyingine. Na somo lipo Msomera, katika wilaya hiyo hiyo, ambako tangu Juni 2022 wamehamia Wamasai kutoka Ngorongoro, katika hijra iliyozua hoja nzito za haki ambazo kiongozi yeyote wa pale hana budi kuzisikiliza kwa insafu. Pale Mzigua, ambaye kwa jadi huhesabu ukoo wake kwa upande wa mama, anapakana na Mmasai anayehesabu kwa baba na kumtii laigwanani, kiongozi wa rika lake. Na ng'ombe wakiingia shambani, ofisa aliyemwita mwenyekiti wa kijiji peke yake amewaita nusu ya wenye shauri.

Rai yangu ni kwamba wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe, pamoja na maofisa wapya wa wilaya hizi mbili, wapelekwe Chogo na Msomera masika na kiangazi, wakae majumbani mwa watu wasio wa kabila lao, walime na kuchunga chini ya amri ya wenyeji, wahudhurie mabaraza pasipo haki ya kutoa hukumu. Kisha watahiniwe na wazee wenyewe, Wazigua kwa Wamasai, wanaume kwa wanawake, na swali la kwanza liwe kueleza shauri moja walilolisikia, kwa namna ambayo pande zote mbili zitakiri kwamba ndivyo zilivyosema.