Mashamba ya Rumonge na Mabishano ya Vyama

Katika kila nchi yenye vyama vya siasa huzuka mabishano juu ya mipaka ya madaraka ya serikali. Je, dola yaweza kumnyang'anya mtu mmoja mali na kumkabidhi mwingine? Na ikiwa yaweza, ni nani atakayeizuia isivuke mpaka? Huko Marekani vyama huvutana hivyo juu ya kodi, juu ya sheria ya utoaji wa mimba na juu ya nguvu za mahakama. Nchini Burundi, kwa muda unaozidi miaka 50, swali hilohilo limeulizwa juu ya shamba. Wala hapana mahali lilipoulizwa kwa uchungu mkubwa kuliko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac.

Rumonge ni mji wa bandari, ulio kilomita 75 hivi kusini ya Bujumbura. Nchi yake ni ya Imbo, yaani uwanda wa joto uliobanwa kati ya ziwa na milima. Dagaa wa huko, waitwao ndagala, hufika masoko ya mbali, lakini utajiri mkubwa wa nchi kavu ni mchikichi. Shamba la michikichi si mali ya msimu mmoja. Apandaye hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna, kisha huvuna kwa miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo mtu anayelikimbia shamba la namna hiyo huacha nyuma akiba ya maisha yake, naye anayelikuta huvuna jasho la mwenziwe, hata kama hakumfahamu kamwe.

Kukimbia huko kulianza tarehe 29 Aprili 1972. Siku hiyo makundi ya waasi wa Kihutu yalishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, yakaua Watutsi pamoja na maofisa wa serikali. Serikali ya Rais Michel Micombero haikutosheka na kuwasaka waasi. Jeshi, likisaidiwa na umoja wa vijana wa UPRONA, chama pekee cha wakati huo, liliwakamata na kuwaua Wahutu katika nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, na hata askari waliokuwa wakilala kambi moja na wale waliowaua. Makadirio ya wengi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Waliookoka katika mwambao walivuka ziwa na mpaka wakaingia Tanzania na Zaire, na wengi wao baadaye walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mashamba yao hayakubaki matupu. Mengine yalitwaliwa na majirani. Mengine maofisa waliwagawia watu waliotoka milimani. Mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali, ambayo ilipanga mashamba upya hata mipaka ya zamani ikafutika. Mnamo 30 Juni 1977 serikali ya Rais Jean-Baptiste Bagaza ilitoa agizo juu ya mashauri ya ardhi ya waliorejea, lakini waliorejea walikuwa wachache. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikaweka kanuni kwamba aliyeikalia ardhi miaka 30 huwa mwenyewe, na miaka 15 yatosha ikiwa aliipata kwa nia njema. Mtu ahesabu mwenyewe: aliyefukuzwa mwaka 1972 aliweza kuwa amekwisha kupoteza haki yake kabla hajarudi.

Ndipo vyama vingi viliporudi, na ardhi ikawa hoja ya kura. Mwezi Juni 1993 Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alichaguliwa kuwa Rais, na wakimbizi wakaanza kurejea wakidai mashamba. Hofu ya waliokuwa wakiyalima ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotia sumu katika miezi ile michache. Tarehe 21 Oktoba 1993 Ndadaye aliuawa na wanajeshi, na vita vikaanza.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitamka kwamba kila mkimbizi lazima aweze kurudishiwa mali yake, hasa ardhi; na ikishindikana, alipwe fidia ya haki. Maneno hayo ni mazuri, lakini fidia yahitaji fedha, na fedha hazikuwepo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyojulikana kwa herufi za Kifaransa CNTB, iliundwa mwaka 2006. Chini ya Padri Astère Kana ilipendelea kuwapatanisha watu kwa kugawana: nusu kwa aliyerejea, nusu kwa aliyekuwapo. Katika Rumonge familia nyingi zilikubali, ama kwa ridhaa ama kwa kuchoka. Lakini kuanzia mwaka 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, tume iligeuza mwendo. Ilishika kanuni ya kumrudishia mwenye asili shamba lote, na baadhi ya mapatano ya kugawana yakafunguliwa upya.

Hapo vyama vilitengana waziwazi. CNDD-FDD, chama kilichokuwa madarakani, kilisema kwamba dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu imekaa miaka mingi, na kwamba anayemlazimisha mwenye mali kugawana na aliyeichukua anaibariki dhuluma. UPRONA kilijibu kwamba waliokuwa wakifukuzwa sasa hawakuwa wezi: wengi walinunua, au walipewa na serikali yenyewe kwa karatasi zenye mhuri, na kuwafukuza bila fidia ni kuzaa wakimbizi wapya. Tena kilidai kwamba tume ilikuwa ikiegemea upande wa kabila moja. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na hiyo ndiyo sababu hazikuweza kumalizwa kwa kelele za bungeni.

Lililo kubwa zaidi, ingawa lilisemwa kidogo, lilikuwa suala la mahakama. Sheria mpya ya tume ilipitishwa mwishoni mwa mwaka 2013, huku UPRONA kikiipinga, na Septemba 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi. Mashauri dhidi ya maamuzi ya tume yaliondolewa katika mahakama za kawaida yakapelekwa huko. Waliounga mkono waliona kwamba mahakama za kawaida zilikuwa nzito na zilizoea kuwatetea wenye nguvu wa zamani. Waliopinga waliona serikali ikijitengenezea hakimu wake.

Katika mabishano hayo polisi hakuweza kukaa kando, kwa kuwa ndiye aliyeitwa kusimamia utekelezaji. Mwezi Mei 2013, katika mtaa wa Ngagara, Bujumbura, polisi walikabiliana na wakazi waliozuia jamaa moja isitolewe katika nyumba iliyodaiwa na mkimbizi wa 1972. Polisi wa namna hiyo huonwa na upande mmoja kuwa mkono wa haki, na upande wa pili kuwa mkono wa chama. Katiba ya mwaka 2005 ilikwisha kuliona jambo hili. Iliwakataza wanajeshi na polisi kuwa wanachama wa chama chochote, kuonyesha upendeleo wa kisiasa kazini, na kudhuru maslahi ya chama halali. Na iliagiza kwamba katika vikosi hivyo kabila lolote lisizidi nusu. Kanuni ya nusu kwa nusu ilibaki hata katika katiba ya mwaka 2018. Wenye kuiandika walikuwa wakiukumbuka mwaka 1972.

Mwaka 2015, baada ya Pierre Nkurunziza kutangazwa mgombea kwa mara ya tatu tarehe 25 Aprili, makumi ya maelfu ya watu walikimbia tena, wengi wao kwa njia ileile ya mwambao, wakajazana Kagunga upande wa Tanzania hata meli ya Liemba ikawachukua kuwapeleka Kigoma. Tangu mwaka 2017 wengi wamerudi. Muda wa CNTB ulikwisha mwaka 2022. Katika uchaguzi wa Juni 2025 CNDD-FDD kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vilivyogombewa, kwa hiyo sauti ya wanaoipinga kanuni ya kurudisha shamba lote haisikiki tena bungeni kama ilivyosikika mwaka 2013. Rumonge, uliokuwa makao ya mkoa tangu mwaka 2015, sasa ni tarafa ya mkoa wa Burunga. Nchi ina watu zaidi ya milioni 12, uwanda wa Imbo haujapanuka hata hatua moja, na michikichi iliyopandwa na waliokimbia bado inavunwa, mingine na watoto wao, mingine na watoto wa wale waliowarithi bila kurithishwa.