"Discuss about" ilitoka wapi?

Tuseme unaishi Kiamunyi, umemaliza chuo na unaomba kazi Nakuru mjini. Unaandika: "I wish to request for an interview so that we can discuss about the position." Inaeleweka, lakini msomaji mkali wa Kimombo ameshazizungushia kalamu "for" na "about".

Kosa lenyewe lina mantiki. "Request" na "discussion" zikiwa nomino hutaka kihusishi: "a request for leave", "a discussion about pay". Zikigeuka vitenzi, kihusishi hicho kinabaki nje: "request leave", "discuss pay". "Demand" nayo ni hivyo hivyo.

Lakini mimi naona mzizi uko kwa Kiswahili chetu. Ukisema "naenda sokoni", "niko sokoni" na "natoka sokoni", neno "sokoni" halitikisiki; mwelekeo umebebwa na kitenzi. Mwingereza atakudai vihusishi vitatu: "to the market", "at the market", "from the market". Ndiyo maana "arrive to Nakuru" hututoka bila breki. Mjini unafika kwa "in", sokoni kwa "at".

Tena sisi hunyoosha kitenzi chenyewe. Omba kazi, ombea kazi: herufi moja tu imeongezeka na tayari umekuwa mchungaji. Kiingereza hakina ujanja huo, kinapachika vijineno nje: "apply for a job", ila "apply to a company". Kwa "look" kinatumia kitenzi kimoja mahali sisi tuna vitatu: "look at" ni tazama, "look for" ni tafuta, "look after" ni tunza.

Chunga sana "result". Ajali ikileta msongamano, "the accident resulted in a jam", si "resulted to". Ukiandika "resulted from", umesema msongamano ndio ulioleta ajali, na kwenye ripoti ya kazi hiyo ni balaa.

Kukariri orodha ya vihusishi peke yake ni kazi bure. Andika kitenzi pamoja na mkia wake, ndani ya sentensi yako mwenyewe. Walio kidato cha nne wanajua karatasi ya pili ya KCSE huwa na mapengo ya aina hii.

Halafu kuna "na" yetu, inayofanya kazi kumi. "Ameolewa na daktari" hutafsiriwa "she is married by a doctor". Anayesema "married by" anamtaja aliyefungisha ndoa, yaani kasisi au kadhi. Bwana harusi ni "married to".