Mtoto Aliaye na Mtoto Anyamazaye

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni ambaye hufika nyumbani bila mzigo wowote, hata nguo hana: mtoto mchanga.

Mtoto akizaliwa, majirani huja kumtazama. Kabla chai haijapoa, mmoja husema, "Huyu ni mpole." Mwingine husema, "Wetu alikuwa mkali tangu siku ya kwanza." Na mama ambaye mtoto wake hulia usiku kucha hutazamwa kana kwamba ana kosa. Je, twahukumu kwa haki?

Ni kweli kwamba watoto hawafanani. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwachunguza watoto tangu miezi yao ya kwanza, wakaendelea nao hata walipokuwa watu wazima. Kwa hesabu ya watoto 100, kama 40 walikuwa wepesi: walikula na kulala kwa saa zao, wala hawakusumbuliwa na mambo mapya. Kama 10 walikuwa wagumu: walilia kwa nguvu na saa zao hazikujulikana. Kama 15 walikuwa wa polepole: mbele ya mgeni walirudi nyuma kwanza, kisha wakazoea. Waliobaki walichanganya tabia hizo. Madaktari hao walipinga desturi ya siku zile ya kumlaumu mama kwa kila tabia ya mtoto.

Sisi tusomao Biblia tusishangae. Esau na Yakobo walizaliwa siku moja na mama mmoja, lakini mmoja alipenda kuwinda, na mwenzake kukaa hemani. Tofauti yao haikuwa dhambi. Nyumba iliharibika pale baba alipompenda mmoja, na mama akampenda mwingine.

Hata hivyo, siku za kwanza ni mapema mno kutoa hukumu. Mtoto mchanga hulala kama saa 16 kwa siku, lakini huamka mara kwa mara kunyonya, mchana na usiku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Kulia ndiko kusema kwake. Kilio chaweza kuongezeka mpata wiki ya sita hivi, kisha hupungua. Huo si ukorofi.

Tena, kunyamaza si upole sikuzote. Twamkumbuka mama mmoja ambaye mtoto wake wa siku tatu alisifiwa na wote kwa kuwa halii. Nyanya mmoja peke yake hakusifu. Aliuliza, "Tangu asubuhi amenyonya mara ngapi?" Mara moja tu. Walipomfunua kwenye mwangaza, hata nyayo zake zilikuwa za manjano. Usiku ule ule alipelekwa hospitali, naye akapona. Kama wangaliendelea kumsifu, huenda wangalimzika.

Basi, mtoto mchanga asiyeamka kunyonya, au mwenye mwili wa moto au wa baridi, au apumuaye kwa haraka, au mwenye degedege, au aliyegeuka manjano viganjani na nyayoni, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali.

Na mtoto akiwa mzima, tumlee kwa kadiri ya alivyo. Wa polepole tusimsukume mikononi mwa wageni. Tumpe nafasi, atakuja mwenyewe. Mgumu tumwekee saa zisizobadilika za kula na kulala, na sisi tulio karibu tumpokee mama mtoto wake ili apate kulala kidogo. Naye mwepesi tusimsahau kwa sababu hatusumbui. Yeye pia ahitaji kubebwa na kuongeleshwa. Wala tusimpe mtoto jina la "mkorofi" au "mwoga", kwa maana jina hilo laweza kumfuata hata shuleni.

Juma hili, mkienda kumpongeza mzazi, msianze kwa kusema mtoto ni mpole au ni mkali. Ulizeni kwanza, "Ananyonya vema? Nawe mama, umepata kulala?" Kisha fueni zile nguo zilizo kwenye beseni, mkaombe pamoja naye.