Onazi si heshima ya kutunukiwa

Mnamo Novemba mwaka juzi, jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka thelathini, alibisha mlangoni pangu jioni akiwa na simu mkononi na uso uliokunjamana. Binti yake alikuwa amehitimu miaka mitatu ya shahada ya sayansi nchini Australia. Jamaa zake walikuwa wakimngojea kwa hamu, na mbuzi wa kumkaribishia alikuwa ameshatengwa. Badala ya kutaja tarehe ya safari, binti alileta ujumbe kwamba amealikwa kubaki mwaka mmoja zaidi ili afanye kitu alichokiita onazi.

"Daktari," akaniambia kabla hata ya kuketi, "wewe ni mtu wa lugha. Hebu nifasirie jambo hili. Mtoto ameanguka, nao wanamrudisha darasa kwa maneno matamu? Ama ndiyo ile shahada ya heshima wanayopewa wanasiasa?"

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Mtu aliyekwisha kuuza sehemu ya shamba ili kulipa karo ya miaka mitatu ana haki ya kuuliza mwaka wa nne ni wa nini.

Kosa, kwa hakika, halikuwa lake. Kiswahili chetu kina neno moja, heshima, ambalo limebebeshwa mizigo miwili isiyolingana. Shahada ya heshima ni ile anayotunukiwa mtu ambaye huenda hajawahi kuketi hata siku moja katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kinachomtunuku. Onazi ni kinyume chake kabisa: hakuna aipataye bila kutokwa na jasho. Mfasiri wa vyeti asiyekuwa mwangalifu humwandikia msomi wa daraja la kwanza kwamba ana "shahada ya heshima", naye msomi maskini huonekana kana kwamba alipewa zawadi baada ya kukifadhili chuo. Kwa idhini ya wasomaji, na kwa kuwaomba radhi wanaochukia maneno ya kukopa, nitaendelea kulitumia neno onazi.

Neno lenyewe halina maana moja kila liendapo. Hapa Kenya, na vivyo hivyo kule England, onazi ni daraja la kufuzu tu. Mwanafunzi wetu apatapo wastani wa asilimia 70 au zaidi huwekwa katika daraja la kwanza. Wa 60 hadi 69 huwa katika daraja la pili, kitengo cha juu. Wa 50 hadi 59, kitengo cha chini. Anayebaki chini ya hapo, mradi amepita, hupewa pasi isiyo na onazi. Australia waliitenganisha. Huko shahada ya kawaida ya sayansi huchukua miaka mitatu na kumwachilia mtu aende zake. Onazi ni mwaka wa pekee unaofuata, ambao si lazima kuufanya, na katika ngazi rasmi za elimu za nchi hiyo umewekwa juu ya shahada ya kawaida: shahada ipo ngazi ya 7, onazi ya 8, uzamili ya 9 na uzamifu ya 10. (Zipo fani kama uhandisi ambazo huuchanganya mwaka huo ndani ya masomo ya miaka minne, lakini hizo tuziweke kando.) Kwa hivyo binti wa jirani yangu hakuwa amerudishwa darasa. Alikuwa amepandishwa.

Tena hapandi kila atakaye. Vyuo vingi huko hudai wastani wa asilimia 65 hivi au zaidi katika somo lenyewe. Alama hizo pekee hazitoshi: sharti apatikane mhadhiri aliye tayari kumsimamia, na ni mwanafunzi mwenyewe anayebisha milango, miezi kadhaa kabla ya mwaka kuanza, akiuliza nani anachunguza nini na kama ana nafasi katika maabara yake. Wanafunzi wetu, waliozoea kubandikiwa orodha ya wasimamizi ukutani, hulipata jambo hili kuwa gumu kuliko mtihani. Mwaka huanza Februari, au Julai kwa wengine. Kuna masomo machache ya darasani na semina ya kueleza unachokusudia kufanya, kisha miezi ya kazi maabarani au nyanjani. Mwishoni, mnamo Oktoba au Novemba, huwasilishwa tasnifu ambayo mara nyingi hufikia maneno 10,000 au kuzidi, nayo husomwa na watahini ambao kwa kawaida si msimamizi.

Hayo ndiyo maelezo niliyompa Mwalimu jioni ile. Hata hivyo, maana ya mwaka huo niliielewa vyema baadaye, binti mwenyewe aliponieleza kwa simu yaliyompata.

Swali lake lilianzia kwenye kinyesi cha ng'ombe. Ng'ombe waliletwa Australia na Waingereza mwaka 1788. Wadudu wa nchi hiyo wanaozika kinyesi ardhini walikuwa wamezoea vidonge vikavu vya kangaruu na jamaa zake, na marundo mabichi ya ng'ombe hawakuyaweza. Basi marundo yakalala malishoni kwa miezi, yakifunika nyasi na kuzaa mainzi. Ndipo mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, akalishauri shirika la taifa la utafiti la nchi hiyo, CSIRO, liwalete wadudu wa kigeni walioizoea kazi hiyo. Wa kwanza waliachiliwa mwaka 1968, na wengi wa walioletwa katika mpango huo walikuwa na asili ya Afrika. Naam, jamaa za wale wanaoviringisha madonge katika malisho yetu huku watoto wakiwacheka.

Binti alipousikia mhadhara huo alikumbuka jinsi babake alivyokuwa akiwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Akajiuliza: dawa hiyo ikitoka na kinyesi, humfanya nini mdudu anayekila? Alimwendea mhadhiri akiwa na mada pana kuliko bahari, iliyohusu dawa za mifugo na mazingira ya Afrika na Australia. Mhadhiri akamsikiliza, kisha akamwambia arudi na swali linaloweza kujibiwa kwa miezi minane. Alirudi mara nne. Mara ya kwanza likabaki bara moja, mara ya pili dawa moja, mara ya tatu aina moja ya mdudu. Mara ya nne likabaki jambo la kuhesabu: katika kinyesi cha ng'ombe walionyweshwa dawa wiki kadhaa zilizopita, ni mabuu wangapi wanaofikia kuwa wadudu kamili, wakilinganishwa na wale wa kinyesi kisicho na dawa?

Kwa maoni yangu, ziara hizo nne ndizo zilizokuwa shule yenyewe. Kwa miaka mitatu mwanafunzi huulizwa maswali ambayo majibu yake yapo kitabuni, na bidii yake ni kuyakumbuka. Sasa anatakiwa kuuliza lile lisilo na jibu kitabuni, nalo liwe dogo kiasi cha kushikika. Hata sisi wa isimu tunaijua adha hiyo: mtu huja akitaka kuchunguza "lugha ya vijana", ukimkamua wiki tatu mnabaki na viambishi viwili katika mazungumzo ya makondakta wa kituo kimoja cha matatu, na hapo ndipo utafiti unapoanza.

Majaribio yake ya kwanza yaliharibika. Kinyesi kilikauka mapema kuliko alivyotarajia, mabuu wakafa katika makundi yote mawili, wenye dawa na wasio na dawa, na kufikia Juni hakuwa na tarakimu hata moja ya kuandika. Alilia, akaniambia bila haya. Msimamizi wake hakumtafutia data nyingine wala kumhurumia sana. Alimtaka aandike kwa ukamilifu kilichoharibika na sababu yake, kisha aanze upya. Kurasa hizo za kuharibika zimo ndani ya tasnifu.

Nilipoyasikia hayo niliona aibu, na wasomaji wanisamehe nikiitaja. Wanafunzi wetu nao huandika mradi katika mwaka wa nne. Kwenye karatasi hautofautiani sana na huo wa Australia. Lakini upo mwaka, katika chuo ambacho sitakitaja, niliposimamia wanafunzi thelathini na wawili kwa mpigo huku nikifundisha masomo matano. Yapo makala niliyoyatia sahihi baada ya kusoma utangulizi na hitimisho tu. Wanafunzi waliijua hali hiyo, na nje ya lango palikuwa na vibanda vya kuchapia ambako mradi wa mwaka uliopita uliweza kununuliwa na kubadilishwa jina la mwandishi. Sikumwona hata mmoja aliyekiri kwamba utafiti wake uliharibika. Wote thelathini na wawili "walithibitisha" nadharia tete zao.

Nalitaja hilo kwa sababu jambo hili litatufikia mlangoni hivi karibuni. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kuwafikisha wanafunzi wake wa kwanza chuoni mwaka 1990, ndio uliotuletea shahada ya miaka minne. Mtaala wa umilisi umepangwa kwa muundo wa 2-6-3-3-3, na tarakimu ya mwisho ni miaka mitatu ya chuo. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, kwa hivyo wanatazamiwa kuanza chuo mwaka 2029. Mwaka wa nne ukiondoka, mradi utaenda wapi? Ukibanwa ndani ya mwaka wa tatu, vibanda vya kuchapia vitanawiri zaidi. Afrika Kusini, ambayo shahada yake ya kawaida ya sayansi ni ya miaka mitatu, inao mwaka wa onazi wa pekee wenye krediti 120, na angalau 30 kati ya hizo lazima ziwe za utafiti. Ndio mlango wa kawaida wa kuingilia uzamili. Mimi ningependelea njia hiyo: mwaka wa hiari, kwa wachache wanaoutaka kweli, kila msimamizi akipewa wanafunzi watatu au wanne, na bodi ya mikopo ikiutambua kama masomo kamili. Bila sharti hilo la mwisho utakuwa mwaka wa watoto wa matajiri.

Maana gharama ni halisi. Huko Australia mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi ya ujira zaidi ya saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, na anayehesabu mabuu usiku hata hizo hazimalizi. Mwalimu aliuza ng'ombe wawili. Mwanafunzi anayekusudia kufundisha, au kuajiriwa papo hapo, sioni sababu ya kumtuma huko. Wala asiende yule anayeogopa kurudi nyumbani na kutafuta kazi, akitaka tu kuusogeza mbele mwaka wa kuhangaika. Anayenuia uzamifu ndiye wa kwenda, kwani onazi ya daraja la kwanza huweza kumfikisha moja kwa moja kwenye uzamifu bila kupitia uzamili, na pamoja nayo ufadhili unaoshindaniwa hata na wageni.

Binti hakupata daraja la kwanza. Alipata la pili, kitengo cha juu, na ufadhili ukamponyoka kwa alama chache. Kwa sasa ni msaidizi wa maabara, na amepanga kuomba tena. Nilimuuliza babake kama anajutia wale ng'ombe. Akasema ataniambia mtoto akirudi.

Wiki jana alinijia tena, safari hii na picha ya mahafali anayotaka kuitia fremu na kuandikiwa maneno chini yake. Nilimwandikia: Shahada ya Sayansi, Onazi, Daraja la Pili, Kitengo cha Juu. Akayasoma mara mbili, akaniuliza kama hayawezi kufupishwa, kwa kuwa fundi wa fremu hutoza kwa herufi.