Mwanao anapochora ukutani, mkono unajifunza kuandika

Akina mama wengi wa Kirumba, Igogo na Mabatini wamewahi kukuta ukuta umechorwa mkaa kuanzia mlangoni hadi kwenye pipa la maji, na mhusika ana miaka miwili, mikono myeusi tii. Wengi humchapa. Leo tunaomba fimbo iwekwe chini, kwani mistari ile ndiyo mwanzo wa kuandika, na mtoto anayechapwa kwa ajili yake huanza kuiogopa kalamu kabla hajaijua.

Ikumbukwe kuwa mkono wa mtoto haujakomaa. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida mifupa hiyo bado ni laini kama ile ya sikio, na hukakamaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kalamu kwa ngumi na kuchora kwa bega zima. Karibu na miaka 2 huweza kuiga mstari uliosimama. Kwenye miaka 3 hufunga duara. Kwenye miaka 4 hukatanisha mistari miwili kama alama ya kujumlisha. Mraba hufuata, na pembetatu huja baada ya miaka 5. Umri hutofautiana kidogo, lakini mpangilio ni huohuo kwa mtoto wa Ukerewe na wa Uingereza.

Sasa zitazame herufi. Alif ni mstari uliosimama tu, hivyo mtoto mdogo kabisa anaweza kuichora na akajisikia msomi. Mim na waw zina kitanzi, zinangoja duara. Katika herufi za shuleni, I na O huja mapema, T na X baadaye, na A yenye mistari ya mshazari huja nyuma yao. Lakini sisi humwanzishia mtoto wa miaka 3 kwa A, akishindwa tunamwita mzito! Tatizo si akili yake.

Katika vyuo vya zamani vya mwambao wa pwani watoto waliandika kwenye ubao wa mbao, ukaoshwa na kuandikwa upya. Kosa lilifutika na hakuna karatasi iliyoharibika. Nyumbani unaweza kufanya hivyo kwa kutandaza mchanga mkavu, safi kwenye sinia, mtoto achore kwa kidole. Aidha, mpe kazi za vidole: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kukata vichwa vya dagaa pamoja nawe. Hizo humfundisha kushika kalamu kuliko kumkaba vidole kwa nguvu.

Mchanga huo usiuchote pale watu wanapojisaidia. Udongo wenye unyevu na kinyesi hubeba minyoo. Safura hupenya ngozi ya miguu, na mayai ya minyoo mingine huingia mdomoni kupitia kucha. Kichocho hakitokani na mchanga mkavu, hukaa kwenye maji ya ziwa yenye konokono, hata mtoto anayeogeshwa tu ufukweni hukipata. Mtoto mwenye minyoo au kichocho huweza kupungukiwa damu, akachoka na kukosa hamu ya kucheza wala kujifunza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya kichocho itolewe kuanzia umri wa miaka 2, hivyo usisubiri aanze shule ndipo uulize zahanati.

Ukiona anakula chaki, mkaa au udongo kila mara, usidhani ni utundu. Mpeleke akapimwe damu. Na ile tuliyozoea kuiita kalamu ya risasi haina risasi ndani. Ni madini ya grafiti yaliyochanganywa na udongo. Hata hivyo asiitafune, na vifuniko vya kalamu za wino viwe mbali naye, kwani humkaba koo.

Limebaki suala la mkono wa kushoto, ambalo hututoa machozi ya bure. Takriban mtu 1 kati ya 10 huandika kwa kushoto. Kula kwa mkono wa kulia ni Sunna inayojulikana na mtoto afundishwe kwa upole. Kuandika si kula. Kumfunga mkono au kumchapa humchelewesha tu, wakati sabuni na maji baada ya choo husafisha mikono yote miwili.

Ila angalia jambo moja. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja na nusu anapotumia mkono mmoja tu daima, uwe wa kulia au wa kushoto, huenda ule mwingine una udhaifu. Weka kipande cha andazi upande wa mkono asioutumia. Akigeuza mwili mzima ili achukue kwa mkono uleule, mpeleke kliniki ya watoto iliyo karibu nawe wiki hiyohiyo, na mweleze mhudumu ulichokiona.