Maji ya Moto ya Bursa

Wasomaji wetu wengi walijua jina la Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, kwa kuwa mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa akaziacha habari zake. Ni wachache wajuao kwamba msafiri huyo huyo alifika pia Bursa, mji wa Uturuki ulio chini ya mlima Uludağ, ambao Sultani Orhan aliutwaa mwaka 1326. Naye ametaja maji ya moto ya mji huo: kwamba wagonjwa huyajia kutoka nchi za mbali, kwamba kuna jengo la wanaume na jengo la wanawake, na kwamba kando yake ipo zawiya ambamo mgeni hulazwa na kulishwa muda wa siku tatu.

Sisi tuliutembelea mji huo siku moja ya mwezi wa Oktoba, majira ambayo miti ya nchi za baridi hupukutisha majani. Kijana wa kwetu anayesoma huko ndiye aliyetuongoza. Asubuhi alitupandisha mlimani kwa kigari kininginiacho katika kamba ya chuma, kazi iliyoanzishwa mwaka 1963 na kufanywa upya mwaka 2014. Kilele cha mlima chafikia mita 2,543, lakini sisi tulitosheka na mwendo wa saa mbili msituni. Miti ya mlima ule imepangika kwa daraja. Chini ipo kestane, ambayo kokwa zake huchomwa makaani zikauzwa njiani kama korosho kwetu. Juu yake ipo miti ya majani mapana, ambayo siku ile ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu. Juu zaidi ipo miti ya jamii ya misonobari, isiyovua majani yake hata theluji ianguke.

Adhuhuri tulikuwa mjini, tukasali katika Msikiti Mkuu, Ulu Cami, uliojengwa na Sultani Bayezid wa Kwanza kati ya miaka 1396 na 1400. Una kuba 20, na katikati yake, ndani ya msikiti wenyewe, pana birika kubwa la kutawadhia, maji yakitiririka mchana kutwa. Hatua chache kutoka hapo ipo Koza Han, nyumba ya wafanyabiashara wa hariri, iliyojengwa mwaka 1491 kwa amri ya Sultani Bayezid wa Pili. Kodi ya maduka yake iliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti na madrasa yake huko Istanbul. Wasomaji na walishike neno hili, kwani tutalirudia.

Alasiri tukashika njia ya magharibi mpaka Çekirge, penye chemchemi. Maji yale asili yake ni mvua na theluji. Huzama ardhini mpaka kwenye kina chenye joto, kisha hupanda tena kwa kupitia nyufa za miamba. Nchi yenye nyufa hizo ndiyo pia nchi ya matetemeko, na mwaka 1855 tetemeko kubwa liliuangusha sehemu nyingi mji wa Bursa. Hapo Çekirge Sultani Murad wa Kwanza, aliyeuawa Kosovo mwaka 1389, alijenga msikiti wenye madrasa juu yake, na jiko la kuwalisha watu, akavitengea mali ya wakfu. Sisi tuliozoea kusomesha barazani tulisimama kitambo tukivitazama vile vyumba vya wanafunzi vilivyo juu ya vichwa vya wanaosali.

Mlangoni mwa hamamu moja tulimkuta mzee mwenye mkongojo akiuliza bei. Alipoambiwa, alishukuru kwa upole, akageuka akaenda zake. Kijana wetu alitutazama akasema, "Maalim, maji haya hayakuumbwa na mtu. Mbona basi yana bei?"

Tulimjibu kwamba maji hayana bei, ila paa lina bei, na sabuni, na ujira wa mwenye kufagia. Gharama hizo hazikuzuka leo, zilikuwapo hata zama za Ibn Battuta. Tofauti ni moja tu: nani azilipe. Mwenye hamamu wa leo hazitoi popote ila mfukoni mwa aingiaye. Wale wa kale, kwa zawiya na majiko yao, walitenga duka au shamba, kodi yake ikalipa kabla mgeni hajabisha hodi. Kijana alikwenda mbio kumtafuta yule mzee ili amlipie, lakini hakumwona tena.

Basi enyi vijana, mwendapo kutazama miji ya kale, msiishie kuhesabu kuba na kupiga picha. Ulizeni ni nani aliyekuwa akila pale, na kwa mali ya nani. Na enyi wazee wenzetu, pwani yetu nayo yaijua wakfu tangu zamani, wakfu wa nyumba na wa minazi. Si lazima mtu awe sultani. Mwenye chumba kimoja cha kupangisha aweza kuiandika kodi yake kwa ajili ya dawa za wasiojiweza, nayo italipa siku ambayo yeye mwenyewe hayupo tena kutoa sadaka.