Kiungo, Kifundo na Kiwiko: Juu ya Majina ya Mifupa na Maungio

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na Kiswahili kina majina ya asili kwa ile mikubwa iguswayo kwa mkono: fuvu, taya, mtulinga, ubavu, muundi. Aghalabu husemwa kwamba lugha hii ina uhaba wa istilahi za elimu ya mwili. Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika maneno yaliyopo, ambayo mipaka yake haiwi mamoja kwa wasemaji wote.

Mathalani neno kiungo, litokanalo na kitenzi unga, hutaja mahali mifupa inapokutana. Lakini hutaja pia mkono au mguu mzima, na hata moyo na ini. Hivyo, mgonjwa alalamikaye maumivu ya viungo aweza kuwa anataja magoti na mabega tu, au mwili wote.

Neno kifundo lina msingi mwingine. Hilo ni udogo wa fundo, nalo hutaja umbo la kitu kilichotuna, kama fundo la muwa. Ndiyo maana husemwa kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, lakini si kifundo cha bega. Muwa huohuo umeupa uti wa mgongo neno pingili, yaani kipande kigumu kilicho kati ya fundo na fundo. Mfano huu ni sahihi: pingili ni mfupa wenyewe, na ungio liko baina ya pingili mbili. Pia ya goti nayo imepewa jina la pia wachezayo watoto, kwa kuwa mfupa huo ni mpana juu na umechongoka chini.

Utata mkubwa umo katika kiwiko. Wengi leo hufundishwa kuwa ni ungio la katikati ya mkono, ambalo wengine huliita kisugudi. Wako wasemaji, na kamusi pia, ambao kwao kiwiko ni kifundo cha mkono. Na kisigino, kinachojulikana kuwa cha mguu, kwa wengine ni cha mkono vilevile. Mkono wenyewe huanzia begani hadi ncha za vidole: mifupa 3 mirefu, na mingine 27 kuanzia kifundo hadi vidoleni. Tabibu aandikaye "mfupa wa mkono" hajataja ni upi kati ya 30.

Basi, kabla ya kubuni maneno mapya, yafaa kila neno la zamani lipewe mpaka mmoja katika vitabu vya mafunzo: ungio kwa makutano ya mifupa, kiungo kwa sehemu ya mwili, kisugudi kwa katikati ya mkono, na kifundo kwa mwanzo wa kiganja. Kiwiko kikitumiwa, hapana budi kifafanuliwe, kwani kosa la jina moja laweza kumfanya mganga afunge gango mahali pasipovunjika.